Nafasi Moja ya Bweni

Jumatatu, 6 Januari
Shule zimefunguliwa. Binti yangu kaingia darasa la saba, mwaka wa mtihani. Ni wa pili darasani. Kila muhula ni wa pili! Wa kwanza ni binti wa fundi cherehani, jirani yangu, ambaye akija kibandani kwangu kunyolewa hunipa pole kana kwamba nimefiwa. Na kila shule ya msingi ina nafasi moja tu ya sekondari ya bweni. Wa bweni hufika kidato cha sita, kisha chuo kikuu. Waliobaki huenda sekondari ya kutwa, ambako mwalimu wa hesabu husikika tu, haonekani. Binti anataka udaktari. Anafunga miguu ya kuku kwa vitambaa vyangu vya kunyolea. Kutwa haendi.

Alhamisi, 9 Januari
Nimepata. Ng'ambo ya machimbo ya mawe kuna shule imechoka, haina hata mlango. Akihamia huko atakuwa wa kwanza bila kutoa jasho. Mke wangu kauliza kama nina akili timamu. Binti kalia, hataki kumwacha rafiki yake, yule yule wa fundi. Nikamwambia atanishukuru siku akivaa koti jeupe.

Ijumaa, 17 Januari
Kahamia. Anaondoka nyumbani giza halijaisha. Kwa furaha nikamdokezea karani wa posta nilipokuwa namnyoa ndevu. Nilisisitiza iwe siri. Kaapa. Jioni kaja shemeji yake kunyolewa. Naye nikamdokezea, maana shemeji si mtu baki.

Jumanne, 11 Februari
Mambo yameharibika. Binti anasema darasa limefurika, anakaa sakafuni. Kaja mtoto wa karani, wa shemeji, wa muuza dawa, wa mkaguzi wa shule mwenyewe. Wote vichwa. Wote baba zao nawanyoa mimi, bahati mbaya tu. Nani kavujisha? Namshuku fundi cherehani, ana mdomo yule. Tena leo naye kamhamishia binti yake huko huko, eti alikuwa hali chakula kwa kumkosa rafiki yake. Nilipomweleza mke wangu, alinitazama, akazima taa.

Alhamisi, 11 Septemba
Mtihani umekwisha. Nilimuuliza binti ulikuwaje. Kasema ulikuwa. Vitambaa vyangu vyote vipo, siku hizi kuku wanachechemea hivyo hivyo. Sikupenda kuona vile.

Ijumaa, 5 Desemba
Matokeo. Wa kwanza, binti wa fundi. Wangu wa sita. Kutwa. Ile shule yetu ya zamani, nafasi ya bweni kapewa mtoto aliyekuwa wa tisa, kwa kuwa ndiye aliyebaki. Binti hakulia. Kaniomba tu ruhusa ya kwenda kumsaidia rafiki yake kufunga sanduku la bweni. Nilikaa kibandani nimefunga mlango. Fundi kabisha hodi kunipa pole. Sikumfungulia.

Jumamosi, 6 Desemba
Nimeamka na wazo. Chuo kikuu kuna kozi ya wadudu, hakuna anayeiomba. Binti amalize kutwa, aingilie huko kwenye wadudu, kisha ahamie udaktari kimya kimya. Safari hii hakuna wa kunivujishia. Binti kanisihi nisimwambie mtu yeyote, nami nimemwahidi. Karani wa posta tu ndiye anajua, na yeye alishaapa.