Ndoo ya Saa Kumi na Nusu

Jumatatu, 1 Julai
Tumefika Galloway Landing, kando ya mto anakoishi Bibi, baada ya saa saba za vumbi. Njiani Mama ametangaza kwamba hii ndiyo safari ya mwisho, barabara imeshamaliza gari. Nilishtuka hata nikasahau kumsalimia Bibi Noeleen vizuri. Bibi naye alikuwa na habari yake. Magoti yake hayataki tena kupanda boti. Boti yake ya bati atampa mjukuu atakayemletea samaki aina ya baramundi kabla ya Jumapili, aliyevuliwa kutoka ukingoni, wa urefu unaokubaliwa na sheria.

Wajukuu tuko wawili. Mimi, na Kirra, binti wa Mjomba Clarrie, anayeishi hapahapa na kuvua tangu hajaota meno.

Nimewaza hivi: Mama hawezi kumzuia mtu kuja kuiangalia boti yake mwenyewe. Lazima nishinde.

Jumanne, 2 Julai
Kirra amezunguka vijito vitatu, kila mara mahali papya. Hakupata kitu! Nikamuuliza kwa upole kama samaki wanamkimbia. Akajibu kuwa hapa mtu harudi mahali pamoja mara mbili, nami nalijua hilo. Kweli nalijua. Tangu nina miaka mitano naambiwa: simama mbali na maji, na kesho simama kwingine. La kwanza nalifuata. La pili naliona ni desturi ya watu wasiotulia.

Bi. Hartigan, mwalimu wetu wa sayansi, hufundisha kuwa jaribio jema halibadiliki. Mahali pamoja, wakati mmoja, kipimo kimoja. Basi saa kumi na nusu jioni nimeshusha mtoni ndoo ya vichwa vya mkizi, kwa kamba ndefu, kutoka juu ya ukingo nyuma ya kibanda cha Bibi. Nataka samaki waje kula, wazoee, kisha mwisho wa wiki niwatilie ndoana. Kamba nimeifunga kwenye pua ya boti, iliyolala pale kwenye nyasi, ndoo isije ikapotea. Nimefikiria kila kitu.

Jumatano, 3 Julai
Vichwa vyote vimeliwa! Na vidagaa waliokuwa wakirukaruka chini ya ukingo hawaonekani hata mmoja. Ndege weupe nao wamehama. Nimeandika: baramundi mkubwa amewafukuza. Furaha imenizuia kula.

Alhamisi, 4 Julai
Saa kumi na dakika ishirini na tano, kabla sijashusha chochote, maji yalikuwa yameshatuna. Ananisubiri! Kirra ameniona nikitabasamu, akauliza namlisha nani. Nikamwambia avute subira.

“Sawa, dada,” akasema. “Ila mtu akikusubiri mtoni, muulize kwanza ana miguu mingapi.”

Wivu mtupu.

Ijumaa, 5 Julai
Sijui nianzie wapi.

Nilimwalika Bibi aje ashuhudie. Akaweka kiti chake mbali na maji. Mjomba Clarrie na Kirra wakaja bila kualikwa. Saa kumi na nusu kamili nikashusha ndoo. Haikuyagusa maji. Mto ulipasuka, akatoka mamba mrefu kuliko gari la Mama, akaidaka ndoo hewani kwa utulivu wa mtu aliyeandaliwa meza. Kisha akajigeuza. Kamba ikakaza. Boti ikaanza kuteleza kwenye nyasi kana kwamba imeitwa. Mjomba alinishika mkanda wa suruali, akanirusha nyuma. Boti ikapita palepale nilipokuwa nimesimama, ikaruka ukingo, ikaenda zake.

Halafu Bibi akauliza taratibu, “Coralie, mjukuu wangu, umemlisha siku ngapi?”

Nikasema nne, ukihesabu na leo. Akauliza kama ni mahali hapohapo. Nikasema ndiyo, Bibi, na saa ileile. Akafumba macho.

“Miaka hamsini naishi na mamba hawa, hakuna hata mmoja anayejua ratiba yangu. Wewe kwa siku nne umemkabidhi ya kwako.”

Jumamosi, 6 Julai
Askari wa wanyamapori wameufunga ukingo kwa utepe na bango. Dukani mzee nisiyemjua ameniuliza mamba wangu leo anakula nini. Mjomba ameipata boti kilomita mbili chini, imekwama kwenye mikoko, ina matundu manne ya meno.

Kisha Kirra akatokea kutoka kijito cha nyuma na baramundi wa sentimita sabini na moja. Sabini na moja! Bibi akampa boti, pamoja na matundu yake. Mama amesema tunaondoka Ijumaa, na akalirudia lile neno, mwisho. Nimelia kidogo bafuni.

Jumapili, 7 Julai
Nimelipitia daftari langu lote kwa makini. Jaribio halikuwa na kosa. Kiumbe alizoea upesi kabisa, kama nilivyotabiri. Kosa lilikuwa kwenye kumchagua kiumbe.

Injini ya boti bado iko kibandani, nzima, na Bibi hajasema ni ya nani. Kirra hafiki popote bila injini. Na mwenye injini, bila shaka, lazima aletwe kila likizo kuitazama.

Leo saa kumi na nusu nimempelekea Bibi chai na biskuti mbili barazani. Kesho saa ileile, kiti kilekile, biskuti mbili. Kufikia Alhamisi atakuwa ananisubiri, kinywa wazi.