Kushushwa kwa Wati Mia Juu ya Paa la Fundi Saa

Jongeeni, enyi mnaojua kusikiliza, na ninyi msiojua jongeeni zaidi, maana habari hii inawahusu. Nawasimulia vita vya dakika kumi na mbili vilivyopiganwa saa nne asubuhi juu ya paa la Fundi Saa, bingwa wa redio za ridhaa, zile za kuzungumza na walio mbali kwa kujifurahisha, msemaji wa mawinguni, mume wa dada yangu. Ndimi niliyeshika antena, na bega langu ni shahidi.

Siku hiyo mdogo wa kike wa Fundi Saa, muuguzi aliyepata leseni ya redio juzi tu, alikuwa amwite kaka yake kupitia setilaiti kwa mara ya kwanza, kwa redio ya mkononi ya wati tano. Kaka ndiye aliyemfundisha. Kesho yake muuguzi angehamia bondeni, penye milima pande zote, na setilaiti ile asingeipata tena.

Setilaiti ikachomoza; ingepita angani dakika kumi na mbili tu. Shujaa akaita, kimya. Akaita tena, kimya. Ndipo kiburi kikampanda kichwani, akaizungusha swichi ya nguvu kutoka wati tano hadi mia, akanguruma: "Enyi mbingu, pisheni! Mdogo wangu hatapotea nami nikiwa na umeme!"

Basi jueni kwamba setilaiti ile ni sinia la wengi. Nguvu zake chache hugawiwa wote wanaozungumza, na mmoja akimega tonge la pupa, wenzake hulamba vidole. Sauti zote zikafifia. Mzee mmoja wa mbali akakatika katikati ya salamu. Fundi Saa akajisikia yeye peke yake, akadhani ameshinda.

Dakika ya tisa dada yangu akapanda ngazi na beseni la nguo za kuanika. Akasikiliza kidogo, akalitua beseni.

"Baba watoto, si wewe uliyemwambia wifi yangu asikilize kwanza ndipo aseme? Sasa atasikika saa ngapi na wewe hunyamazi?"

Shujaa akanywea. Mkono ule, mfunguaji wa saa zilizowashinda mafundi saba, ukairudia swichi kwa uchungu wa mfalme anayevua taji: mia, hamsini, ishirini, tano. Kisha akanyamaza, na kwa mtu yule kunyamaza ni kazi kuliko kubeba jabali.

Salamu za yule mzee zikarudi. Nyuma yake, nyembamba, ikaja sauti ya muuguzi:

"Kaka, nakuita tangu mwanzo. Kuna mtu hapa anapiga kelele, anakoroma tu, hata haeleweki. Hana adabu kabisa."

Fundi Saa akabonyeza kitufe cha kusemea. Machozi yalikuwa yamemlengalenga.

"Ameshapunguza, mdogo wangu. Nakusikia vizuri sana."

Akacheka yule binti, akacheka na kaka yake, hata setilaiti ikazama.

Na itangazwe kwa vizazi vyote: siku hiyo wati tisini na tano zilianguka, na dunia ikasikilizana. Mtu mwenye kelele ni nani, muuguzi hajui hadi leo. Shemeji aliniapisha nisimwambie mtu. Kuandika hakunikataza.