Mabampa Arobaini na Matatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimedhalilishwa. Bosi wa karakana yetu ya mabasi aliniomba nimzungushie kwenye skrini sura ya mbele ya basi jipya. Nikabofya. Kompyuta ikaganda. Bosi akamaliza kikombe kizima cha chai, basi bado limeutazama ukuta. Akasema mteja anakuja Ijumaa. Likiganda mbele yake, kazi atapewa Bi Chapuchapu wa meza ya pili, nami nikatunze stoo ya michoro. Stoo! Miaka thelathini na moja nachora mabasi. Huyo Bi Chapuchapu hata kushika penseli nilimfundisha mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua hila. Yeye alipewa kompyuta nzuri, mimi mkweche. Wenzangu walipokwenda kula nikabadilisha: yake kwangu, yangu kwake. Kiuno hoi. Faili zetu zote hukaa kwenye mashine kuu ya ofisi, kwa hiyo hakuna aliyeshuku.

Alasiri nikafungua basi langu. Likaganda. Nikachungulia meza ya pili: Bi Chapuchapu anazungusha basi lake la shule kama pia, tena kwa mashine yangu! Kompyuta zina upendeleo. Nimethibitisha kwa jaribio.

Jumatano, 5 Machi

Amekuja fundi wa kompyuta. Kaangalia dakika tano, kasema mashine haina ugonjwa, nipunguze ulaini wa picha ninapofanya kazi. Nieleze. Mwili wa basi kwenye kompyuta hushonwa kwa nyuso, yaani vipande visivyo na unene, na mashine huvichora upya kila unapoligeuza basi. Ukipunguza ulaini vipimo havibadiliki, ila mikunjo huonekana kama ndoo iliyobondwa. Nikamwambia sikusoma ili nichore ndoo. Akaondoka akicheka. Utaalamu gani huo?

Mchana nikaenda nyumbani kuchukua feni ya sebuleni. Mke wangu akauliza kama yeye hasikii joto. Nikafungua ubavu wa mashine, nikaielekezea feni. Vumbi lote likanirudia usoni. Basi likaganda vilevile, ila sasa kwenye upepo mwanana.

Alhamisi, 6 Machi

Bi Chapuchapu alichoshwa na chafya zangu, akaja bila kuitwa. Akaomba kipanya. Nikampa, nione atakavyoaibika. Akalificha bampa. Chini yake kukawa na bampa. Akalificha hilo, likatokea jingine. Akawa anahesabu kwa sauti, ofisi nzima imeacha kazi inasikiliza.

"Mwalimu," akasema, "mabampa arobaini na matatu. Basi lako linakwenda vitani?"

Nilimweleza kwa upole. Tulipochora kwa mkono tulilaza karatasi angavu juu ya mchoro wa zamani, tukachora upya, na wa zamani ukabaki chini. Hatukutupa kitu. Leo bosi anaukataa, kesho anaulilia. Ndivyo ninavyofanya hadi leo: kila uso mpya nauweka juu ya ule wa zamani.

Akajibu kwamba jicho huona wa juu tu, lakini kompyuta inahangaika na zote, hata zilizofunikwa. Akahamishia nyuso za zamani kwenye faili jingine. Akapunguza na ulaini, bila ruhusa. Basi likazunguka kama pia. Nikamshukuru kwa ufupi. Izingatiwe kwamba feni ilikuwa inafanya kazi muda wote huo.

Ijumaa, 7 Machi

Mteja kafurahi. Basi limezunguka mara tisa. Bosi akauliza siri ni nini, nikamweleza kwa kirefu habari ya feni. Bi Chapuchapu akakohoa. Mteja ameomba taa za mbele za basi zishushwe kidogo; stoo nimeiepuka, mradi Jumatatu asubuhi azikute zimeshushwa.

Wenzangu walipoondoka, roho haikutulia. Je, mteja akilitaka bampa la kumi na saba? Nimeyarudisha yote mahali pake. Lile lililokubaliwa nimeliweka mara mbili, kwa usalama. Kisha nikagusa taa za basi nizishushe.

Imeganda.

Huu sasa ni uonevu. Namwandikia bosi barua ya kudai kompyuta mpya, kwa mkono, maana hii haitikisiki. Nimeandika, nikalaza karatasi angavu juu yake, nikaiboresha; nikalaza nyingine, nikaiboresha tena. Ziko sita. Natafuta ya mwisho ni ipi.