Hedifoni za Nyanchera Zimetufukuzia Posa

Ekerenyo, Nyamira

Kwa Mhariri wa Ukurasa wa Muziki,

KUH: USHAURI WENU JUU YA HEDIFONI ZA MA-DJ

Pokea heshima zangu. Mimi ni mkulima wa majani chai na mzee wa kanisa. Binti yangu Nyanchera ni DJ katika klabu moja Kisii mjini, kazi ambayo kanisani mimi huieleza kuwa "mambo ya mitambo". Mwezi jana alisoma makala yenu kuhusu jinsi ya kuchagua hedifoni za kitaalamu, akafuata kila neno, akanunua. Yaliyotupata ni haya:

1. Mliandika kwamba hedifoni nzuri hufunika sikio lote na kuzuia kelele za nje. Mhariri, hamkutuonya kwamba baba naye ni kelele za nje. Nilimwita anisaidie kumtoa ndama kwenye migomba ya jirani. Nikamwita tena kwa jina lake la ubatizo. Alikuwa ameketi hapo hapo kibarazani akifanya mazoezi, na ndama akala vichipukizi mpaka akashiba, akarudi mwenyewe.

2. Mkasema upande mmoja uwe wa kugeuka, ili sikio moja litafute wimbo unaofuata na lingine liwasikie wanaocheza. Hapa kwetu sikio linaloachwa wazi ni la upande wa mama yake. Nikihamisha kiti, naye huhamisha sikio.

3. Mkasisitiza ziwe nyepesi, zenye mito laini, zisimchoshe mtu hata akizivaa usiku kucha. Mngependekeza nzito kidogo, angalau angezivua wakati wa kula.

4. Hili ndilo lililonishikisha kalamu. Jumapili iliyopita Mzee Nyabuto wa Gesima alikuja na wazee wenzake kumposea mwanawe, kijana mwenye duka la dawa za mifugo. Mke wangu Eucabeth alichinja jogoo. Nyanchera akaingia, akasalimia kila mmoja kwa adabu, akaketi, akavaa hedifoni zake juu ya kitambaa cha kichwa. Nilidhani ni pambo la vijana.

Mzee Nyabuto akaeleza kwamba mwanawe anataka mke atakayeacha mambo ya klabu, akae dukani. Nikajibu kwa kirefu, kama mzazi anavyopaswa, nikimsifu binti yangu. Nyanchera akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Wageni wakaona amekubali, wakapongezana. Ndipo mama yake alipomgusa bega ili azivue, atamke mwenyewe.

Akasema, "Mniwie radhi wazazi wangu, sijasikia hata neno moja."

Wageni walimaliza kuku kwa heshima, wakaondoka bila kutaja siku ya kurudi.

Kwa hivyo naomba mchapishe masahihisho, kwamba hedifoni bora kwa DJ ni zile zinazopitisha sauti ya mzazi, tena zijizime zenyewe posa inapotajwa. Walioweza kutengeneza simu za siku hizi hawashindwi na hilo.

Nisalimie wote hapo ofisini, hata aliyeandika makala. Simchukii. Namwombea tu ajaliwe mabinti.

Ni mimi msomaji wenu niliyebaki na binti,
Thadeus Omosa

N.B. Kabla sijafunga bahasha, Eucabeth ameisoma barua hii na kucheka mpaka akakaa chini. Ananiambia siku ile waya wa hedifoni haukuwa umechomekwa popote. Kumbe Nyanchera alisikia yote, na aliitikia kwa kichwa pale niliposema kwamba katika ukoo wetu sijaona mtu anayeipenda kazi yake kama yeye. Nyumbani sijawahi kumwambia hivyo. Tafadhali usiichapishe barua hii. Nijulishe tu mahali panapouzwa mkoba mgumu wa kuhifadhia hedifoni, kwani anazipeleka kazini zikiwa zimefungwa kwa taulo langu.