Mwisho wa Gakebe

Wamae alikuwa kwa hoteli moja nyuma ya soko ya Nyeri, anakunywa chai ya mtu mwingine, wakati aliona wanaume wawili wazima, watu wako na mabibi na ng'ombe, karibu wapigane juu ya roboti.

"Kapteni alirudi!" Mwalimu Mathenge alipiga meza mpaka chumvi ikaruka. "Mkono yake ilikuwa kwa mlango! Mtu anaweza weka mkono kwa mlango bure?"

"Alikuwa anaifunga," shemeji yake Muriithi akajibu. "Akafunga, akaenda, Gakebe akabaki kwa baridi. Zoea, Mwalimu."

"Mimi na wewe tumemalizana!"

"Tulimalizana mwaka wa themanini na nne!"

Hapo Wamae akaweka kikombe chini polepole. Wamae ni mtu ambaye angeuzia kondoo blanketi, na kondoo iseme asante. Pua yake iliwasha.

Kama hukuwa umezaliwa, sikiza. Kulikuwa na kipindi kwa TV, kila Jumapili jioni, iliitwa *Meli ya Kioo*. Kapteni Orlan anazunguka angani na roboti moja kafupi, kanatembea kama bata. Jina ya kizungu ya hiyo roboti hakuna mtu alishika. Hapa kwetu iliitwa Gakebe, kamkebe kadogo, na ikapendwa kuliko watoto wengine wa kuzaliwa. Sasa siku ya mwisho kabisa, huo mwaka wa themanini na nne, Gakebe ameachwa kwa sayari ya barafu. Taa yake ya kifua inazima, inawaka, inazima. Kapteni amefika kwa mlango ya meli. Ameweka mkono. Anageuka...

Stima ikapotea. Kutoka Sagana mpaka Nyeri, mlima yote, giza.

Haikurudiwa tena. Watu waliandika barua wakachoka, na wa mbali wakiulizwa, kila mmoja alileta mwisho yake. Mmoja alimwagiza binamu yake Ujerumani kaseti, akaletewa ya wanawake wakifanya mazoezi. Sasa ilikuwa tisini na saba na hakuna mtu alijua kama Kapteni alirudi. Harusi mbili zilikuwa zimevunjika juu ya hiyo maneno, na moja kati ya hizo ilikuwa ya kanisa.

Na kuna siri moja. Hiyo siku Wamae alikuwa mtoto, amesimama juu ya kreti nje ya dirisha ya baa huko Sagana. Alienda nyumbani akilia mpaka mbwa zikamhurumia. Hajawahi kuambia mtu. Mjanja akionekana analia, bei inashuka.

Jioni hiyo akatafuta Gichovi, fundi wa stima kutoka Embu, ambaye stima ilimjua na haikumpenda.

"Tunaonyesha watu *Meli ya Kioo*. Ile ya mwisho."

"Na kaseti tutatoa wapi?"

"Kaseti ya nini, Gichovi? Hii kitu kila mtu anajua vile inaisha. Inaisha na stima kupotea!"

Gichovi akamwangalia vile watu huangalia mchungaji mgeni. "Mimi nitoe fyuzi?"

"Wewe utoe fyuzi."

Wakapaka katoni rangi nyeusi, wakaitoboa na msumari, wakaweka tochi nyuma. Nyota hizo! Muziki ilipigwa na kinanda ya kanisa. Wakarekodi dakika moja tu na kamera ya kuazima, juu ya kaseti ya ruracio ya binamu ya Gichovi, ile siku wazee walipeleka mbuzi za mahari. Kwa mtu wa Kutus wakakodisha TV iliyoungana na mashine ya video, kitu kadogo kama sanduku ya mwanafunzi, kwa sababu ndio ilikuwa rahisi kubeba na Wamae hakuuliza maswali mengine. Watu wa kukaa nyuma wataambiwa wasikize.

Sagana ikaenda poa. Nyota, muziki, pap, giza! Watu wakatukana stima mpaka wakaishiwa na mama za kutukana. Wamae wakampa pole, na mmoja akamnunulia soda. Kutus vivyo hivyo. Hakuna mtu aliuliza pesa yake. Utaulizaje? Hiyo ni stima!

Sasa Nyeri. Jumamosi mchana, ukumbi umejaa, madirisha yamefunikwa na blanketi. Wamae yuko mlangoni na kikapu ya pesa, anakaribisha watu kama bwana harusi. Mathenge na Muriithi wakaingia na kukaa pande mbili tofauti. Nyuma yao akaja nyanya mmoja, ameinama, gunia kwa mgongo, kamba imepita kwa paji la uso.

"Cucu, mzigo acha hapa nje."

"Kijana, hii nikiacha nje itapata mwenyewe mwingine."

"Umetoka wapi na hiyo uzito yote?"

"Endarasha. Naitwa Watiri. Sogea."

Wamae akasogea. Angejua, angemfungia mlango kwa heshima zote.

Muziki ikaanza. Nyota zikatokea. Watu wakasimama wenyewe, kama wimbo wa taifa, na Mathenge akatoa leso. Pap. Giza.

"Aaaai!"

Blanketi zikatolewa, na Wamae akapanda mbele na uso ya matanga. "Ndugu zangu, ni ile ile! Miaka yote hii, tena ni ile ile! Mimi naumia kuwashinda. Lakini nani atapigana na stima?"

"Usilie, kijana," sauti ikatoka nyuma. "Nimetoka kuchaji betri."

Cucu Watiri akafungua gunia. Ilikuwa betri ya lori, imechajiwa hiyo asubuhi pale petroli stesheni, imejaa mpaka karibu ingurume.

"Cucu, hii mashine haitumii betri," Wamae akasema haraka.

"Haitumii?" Akazungusha TV, akavuta kwa nyuma waya mbili, nyekundu na nyeusi. "Na hii ni mkia? Ati hata hujui kitu yako!"

Akafunga waya vile wewe unafunga kamba ya kiatu. Nyota zikarudi. Watu wakapiga makofi. Halafu nyota zikakatika, na wakatokea wazee wenye makoti, chini ya hema, wakizunguka mbuzi.

Mathenge akainama mbele. "Hii sasa ni sayari gani?"

Mzee mmoja kwa TV akasema, "Hizi mbuzi ni ndogo!"

"Mwalimu," Muriithi akaita kutoka upande wa pili, "huyo mzee namjua. Ni wa Kutus."

Hapo ukumbi ikasimama na viti mkononi. Wamae tayari alikuwa kwa mlango ya nyuma na kikapu. Nje, Gichovi alikuwa ndani ya pikapu, injini inanguruma. "Ruka, fala! Ruka!"

"Ngojeni kwanza," Cucu Watiri akasema. "Mwisho mimi niliona."

Kila kiti ikashuka.

"Uliona aje, na stima ilipotea?" Mathenge akauliza.

"Ilipotea kwenu. Endarasha hatukuwa na stima. Itapotea aje na hatuna? Sisi tuliangalia na betri mpaka majina ikapita. Miaka yote hii hamjawahi kutuuliza."

Wamae mkono yake ilikuwa kwa mlango. Gichovi alipiga honi. Alipiga tena. Wamae akageuka.

"Hadithi si ya bure," Cucu akasema, macho kwake. "Leta hiyo kikapu."

Akaileta mwenyewe, akakaa chini kwa sakafu, mbele kabisa, mikono kwa magoti.

Cucu akasimulia. Kapteni akafungua mlango. Barafu ikampiga uso. Akarudi ndani, watu wakasema "aaa!", kumbe ameenda kutoa betri ya meli. Akaibeba kwa mgongo, amefunga na kamba, akatembea ile theluji yote mpaka akaona taa nyekundu ndogo imebaki kama jicho ya paka. Akafunga waya, nyekundu na nyeusi. Gakebe akasema, "Ulichelewa." Kapteni akasema, "Lakini nimekuja."

Mathenge alilia bila leso. Muriithi akavuka ukumbi na kumshika mkono. "Mwalimu, ulisema." "Shemeji, wacha tu."

Baadaye Wamae akabeba ile betri mpaka kwa gari ya Endarasha, jasho ikimtoka. Cucu akapanda na kikapu kwa mapaja. Gari ikaanza kusonga, Wamae akakimbia kando yake.

"Cucu! Niambie ukweli. Kapteni alirudi? Uliona kweli?"

Cucu akamwangalia kwa dirisha, na huruma kabisa.

"Na wewe kijana, stima ilipotea kweli?"

Gari ikaenda. Wamae akabaki kwa barabara, na Gichovi akafika akihema.

"Pesa iko wapi?"

"Imeenda Endarasha."

"Yote?" Gichovi akashika kichwa, akazunguka mara mbili, akataka kumpiga, akaacha. Halafu akashusha sauti. "Na msee... Kapteni alirudi?"

"Sijui," Wamae akasema, karibu alie. "Gichovi, sijui!"