Habari za Geti, Aliyetabasamu Mbele ya Mtahini

Sogeeni karibu, enyi mlioketi na mliosimama, nanyi mliowahi kungojea ufunguo wa chumba mbele ya kaunta isiyo na mtu. Zimeni redio, wekeni chini kila mlichoshika, mnitegee masikio. Leo sisimulii miji iliyotekwa wala majeshi yaliyozama. Nasimulia jambo zito kuliko hayo: namna mwanamume mmoja wa umri wa miaka arobaini na mmoja, akiwa amesimama nyuma ya kaunta ya plaiwudi katika chuo cha hoteli, mbele ya mashahidi thelathini na watatu, alivyotabasamu.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, ila halikutumika. Chuo kizima kilimwita Geti. Maana kwa miaka kumi na minne alikuwa mlinzi wa lango la hoteli kubwa, Geti mwenye kifua kipana, Geti mchungulia-chini-ya-magari, ambaye uso wake peke yake uliwageuza njiani wazururaji na wachuuzi wa miwani kabla hajafungua kinywa. Uso ule hakuzaliwa nao. Ulifinyangwa na kazi, jua kwa jua, mpaka ukakauka kama saruji. Na katika miaka yote hiyo nguli huyu hakuwahi kuvuka nguzo ya pili ya baraza la kuingilia. Aliwafungulia wageni maelfu kwa maelfu, akawatazama wakimezwa na milango ya vioo, asijue ya huko ndani ila ule ubaridi wenye harufu ya sabuni uliomfikia kila milango ilipofunguka.

Ikawa siku moja, katika umri ambao wenzake huanza kulalamikia magoti, akamwendea mkewe, fundi cherehani, akamwambia:

"Mama watoto, nataka kuingia ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani ya hoteli. Nyuma ya ile meza yao. Nataka kusomea umeneja."

Mkewe alikuwa na pini tatu midomoni. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake mdogo, ndipo akajibu. "Basi kasome. Ila ukishaanza, usinirudie katikati ukiniambia imekushinda."

Naam, akavua sare ya ulinzi, akavaa shati jeupe na tai, akajiunga na stashahada ya usimamizi wa hoteli pamoja na vijana waliokuwa hawajaanza shule siku alipoanza kulinda lile lango. Nani atahesabu ushindi wake? Alilipiga somo la usafi wa jikoni likalala. Aliitandika shuka kwa kona kali mpaka mwalimu wa vyumba akaliita darasa jingine lije litazame. Alibeba sahani tatu kwa mkono mmoja, akazunguka nazo ukumbi mzima, hata tone la mchuzi lisiguse kitambaa. Masomo yakaanguka mbele yake moja moja kama migomba, mpaka ikabaki ngome moja tu isiyotekwa, nayo iliitwa Mapokezi.

Ngome hiyo ilitawaliwa na mwalimu mwembamba aliyevaa shingoni saa ya kuhesabia, asiyeivua hata akila, na ambaye wanafunzi kwa hofu walimwita Madamu Sekunde. Sheria yake ilikuwa moja: mgeni akishavuka mlango, zisipite sekunde kumi kabla hajaonwa, hajasalimiwa na hajatabasamiwa. Kosa la salamu lilipunguza alama. Kosa la macho lilipunguza alama. Lakini aliyekosa tabasamu alianguka moja kwa moja, na aliyeanguka hakuenda kwenye mafunzo ya kazini, na asiyekwenda huko hakupata stashahada.

"Tabasamu," alihutubia Madamu Sekunde, kidole kikiwa juu, "si pambo! Hoteli itakosa maji, mgeni atanuna kisha atasamehe. Itakosa umeme, atalalamika kisha atazoea. Lakini mgeni akikosa tabasamu, huyo amelala barabarani hata kama yuko kitandani!"

Geti aliyaandika maneno hayo yote kwenye daftari, akayapigia mstari.

Katika shambulio la kwanza, msichana wa miaka kumi na tisa ambaye kicheko chake kilimpatia jina la Kengele, na ambaye aliketi dawati moja na shujaa wetu, aliingia akiigiza mgeni. Geti alisimama wima nyuma ya kaunta. Kisha miaka kumi na minne ikasema kwa kinywa chake: "Simama hapo hapo! Unamtaka nani?"

Katika shambulio la pili alikumbuka salamu, akakumbuka na kutabasamu. Akavuta pembe za midomo. Ya kushoto ikapanda, ya kulia ikagoma. Meno yakatokeza safu nzima. Macho yakabaki getini. Kengele akarudi kinyumenyume na begi lake mpaka akagonga mlango.

"Mjomba, nisamehe," alisema alipopata pumzi, "ila nimejiona kama nimeiba kitu."

Madamu Sekunde alibonyeza saa yake. "Umebakiwa na mara moja," alisema. "Jumatano, mbele ya mtahini wa nje. Baada ya hapo sina la kukusaidia."

Geti akarejea nyumbani kama jemadari aliyepoteza bendera, akakaa mbele ya kioo kirefu ambacho wateja wa mkewe hujipimia nguo. Mkewe akasimama nyuma yake, futi ya kupimia ikimning'inia mabegani.

"Haya, weka meno," akasema.

"Nimeweka."

"Hayo ni ya kung'ata. Weka ya kucheka."

"Nina seti moja tu, mke wangu."

Wakapigana hivyo alasiri nzima. Mkewe alimshika mashavu akayapandisha kwa mikono yake miwili kama anayepandisha pindo la sketi, na yalipoachiwa yakashuka. Na katikati ya vita hivyo ikabishwa hodi. Geti akageuka na silaha yake yote ikiwa usoni, akamkabili moja kwa moja mama mkwe wake.

Enyi wenye wakwe, mwaijua heshima iliyopo hapo. Mwanamke yule, ambaye katika miaka kumi na sita ya ukwe hakuwahi kuyaona meno ya mkwewe, alishika fremu ya mlango.

"Mkwe wangu," akasema kwa sauti ndogo, "umepatwa na nini? Ni jino?"

"Hapana, mama. Shikamoo mama. Ni masomo."

"Marahaba. Masomo gani yanayomfanya mtu hivi?" Akamvuta binti yake pembeni, akamnong'oneza kwa sauti iliyosikika mpaka uani, "Mpelekeni hospitali mapema, mdomo usije ukabaki hivyo hivyo."

Mama mkwe alipokwisha kunywa chai na kuondoka, Geti alibaki ameketi, mikono magotini. "Labda nimechelewa," akamwambia mkewe. "Labda uso ukishakaa umekaa."

Mkewe hakumbembeleza. Alirudi kwenye cherehani akaanza kukanyaga, na baada ya mshono mmoja akasema bila kumtazama, "Jumatano utavaa lile shati nililolipunguza kiunoni."

Jumatano ikapambazuka. Wanafunzi wakajipanga kando ya kuta za chumba cha mapokezi, penye kaunta ya plaiwudi, kengele ya shaba, funguo ishirini zilizotundikwa kwenye misumari zisizofungua mlango wowote, na maua ya plastiki yaliyofutwa vumbi kwa heshima ya siku hiyo. Geti akasimama mbele ya wenzake, akatoa hotuba ambayo waliokuwepo wanaisimulia hadi leo:

"Wanangu! Miaka kumi na minne niliulinda mlango wa watu kwa uso huu. Uliniheshimisha, ukanilishia watoto, wala siutukani. Lakini leo nauamuru ufunguke. Nikianguka, msinililie. Semeni tu kwamba nilisimama nyuma ya kaunta nikiwa nimenyooka!"

"Sawa, mjomba," akasema Kengele, "ila tai yako imekaa upande."

Akamnyoosha tai. Mtahini akaingia.

Alikuwa mzee mrefu, meneja mstaafu, aliyesisitiza kuigiza mgeni mwenyewe. Mkononi alivuta begi la chuo, begi la magurudumu lililozeeka katika kazi hiyo, lililojazwa magazeti makuukuu ili lionekane na uzito. Saa ya Madamu Sekunde ikalia. Sekunde ya kwanza mtahini akavuka mlango. Sekunde ya pili Geti akainua kichwa. Sekunde ya tatu gurudumu likanasa kwenye kizingiti, zipu ikaachia kutoka pembe hadi pembe, na magazeti ya miaka minane yakamwagika sakafuni mpaka miguuni pa mashahidi.

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Mtahini akasimama katikati ya karatasi zile, masikio yamemwiva, maana hata aliyeongoza hoteli miaka thelathini hafurahii kuchekwa na watoto.

Hapo Geti akaiacha kaunta. Sekunde zilikuwa zikikimbia naye alizisikia, lakini aliyekuwa mbele yake ni mzee aliyeaibika mlangoni, na mlangoni ndipo alipopajua kuliko mahali pengine popote. Akawatazama wenzake mara moja kwa ule uso wa zamani, na kicheko kikakatika. Akapiga magoti. Akaanza kuokota magazeti, akiyakunja moja moja kama mashati yaliyopigwa pasi, akayapanga begini.

"Pole sana, bosi," akasema kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyeona."

Mtahini akatazama kuta nne zilizojaa watu. "Hakuna?"

"Hata mmoja."

Yule mzee akaanza kutikisika mabega, kisha akacheka mpaka akashika kiuno. Na Geti, akiwa chini na gazeti mkononi, asijue kinachomtendekea, alimwinulia macho. Na shavu la kulia, lile lililogoma, likapanda lenyewe.

"Sekunde arobaini na moja," akatangaza Madamu Sekunde. Sauti yake ilikuwa na huzuni, lakini sheria ni sheria.

"Madamu," akasema mtahini akifuta macho, "mgeni hajafika kaunta. Mgeni yupo mlangoni bado, anakusanyiwa nguo zake."

"Kanuni inasema mlangoni, mzee."

"Kanuni hiyo mliipata wapi?"

"Ilitoka kwenu watahini."

"Basi naifahamu vizuri. Anza upya."

Zikabaki hatua sita kati ya begi na kaunta, na katika hatua hizo sita hakuna aliyepumua, maana tabasamu lilikuwa bado usoni mwake naye alilibeba kama mtu abebaye beseni lililojaa hadi ukingoni. Hatua ya nne likayumba. Ya tano likainama kushoto. Alipogeuka nyuma ya kaunta lilikuwa limepungua nusu, lakini, nawaapia, lilikuwepo. Mtahini akagonga kengele ya shaba.

"Karibu sana, mzee wangu. Pole na safari."

"Sekunde saba," akasema Madamu Sekunde, na wapo wanaodai kwamba naye alikuwa karibu kutabasamu, ingawa jambo hilo halijathibitishwa.

Vifijo vilisikika mpaka jikoni, ambako mikate ya darasa la waokaji iliungua kidogo. Geti aliondoka akiyasugua mashavu, yakimuuma kama miguu ya mtu aliyecheza mpira baada ya miaka mingi. Mkononi alikuwa na hati iliyoandikwa kwa kalamu ya mtahini: Salamu, nzuri. Macho, wastani. Tabasamu, lipo. Jumla, hamsini na mbili kwa mia. Na hamsini ndiyo iliyotakiwa.

Mkewe aliisoma mara mbili, akachukua pini, akaibandika ukutani juu ya cherehani. Jioni ile ile mteja aliyekuja kubadilishiwa zipu aliamriwa asome kwanza.

"'Tabasamu, lipo,'" akasoma yule mteja. "La nani?"

"La mume wangu," akajibu fundi, akavuta kiti ili mgeni akae asikie tangu mwanzo.

Basi waandishi wa nyakati na waandike, tena kwa wino mzito: kwamba Jumatano ya tatu ya mwezi, saa nne na dakika ishirini na mbili asubuhi, uso ambao haukuwahi kufunguka kazini ulifunguka ndani ya sekunde saba, na kwamba Jumatatu iliyofuata, mwenye uso huo, akiwa na barua ya mafunzo mfukoni, aliingia hotelini kwa milango ya vioo, akapita nguzo ya kwanza, akapita ya pili, akaendelea kutembea.