Secondaire ya Papa Grâce

Wapendwa, leo nimejivua nguo mbele ya mama mukwe. (Kwa mufano! Mutulie.)

Asubuhi nilikuwa chumbani, ninanyonyesha. Bwana yangu, Papa Grâce, fundi wa redio, alikuwa inje ya dirisha na simu, anaongea polepole na rafiki yake. Bwana akishusha sauti, bibi anapandisha masikio.

"Primaire haina shida, ndugu. Iko mufupi, munene, inakaa tu pale chini. Yenye inanisumbua ni secondaire. Nichague ya kimo gani?"

Nikahesabu: primaire ni ya kwanza, secondaire ni ya pili. Hapa Goma "iko" tunaisema kwa mutu, kwa mbuzi, kwa sufuria. Na mufupi, munene, mwenye kukaa chini... ni mimi!

"Eh? Ya murefu sana itakula mingi, nitashindwa kuilisha? Ni kweli. Basi nachukua ya kadiri, mwembamba. Leo naivalisha yote, chini mpaka juu."

Kuivalisha! Mimi tangu Noeli sijaona hata kipande cha kitenge!

Alipotoka tu kwenda atelier yake ya redio, mutaa wa Mapendo, nikafunga mutoto mugongoni, nikamwita mama ya bwana, tunayekaa naye.

"Mama, kuja uone kazi ya mutoto wako. Ameongeza bibi!"

Mama mukwe akachukua rozari, akavaa sandale za miguu ya watu wawili. Tukapanda moto moja, pikipiki ya kulipa, wote. Nilikuwa ninatukana mpaka motard, mwenye kuiendesha, akageuka.

"Mama, unakimbilia nani hivi?"

"Secondaire!"

"Pole pole basi, masomo ya secondaire inatoka saa sita. Mutoto iko kilasi ya ngapi?"

(Sikumujibu. Mungu anisamehe nilichowaza.)

Tulikuta mulango wa atelier umerudishwa. Ndani, sauti ya bwana yangu: "Shika vizuri, nisije nikaikwaruza."

Nikapiga mulango teke.

"Toa hiyo secondaire inje, watu waione! Primaire ya nyumba ni mimi!"

Wateja wawili kwenye benchi na redio zao. Mumoja ameshika ncha ya bomba la maji, la plastiki. Ncha ingine iko kwa magoti ya Papa Grâce, na bomba nusu yake imevalishwa waya mwekundu, mwembamba kama unywele.

"Mama Grâce," akasema polepole, "secondaire ndio hii."

Kumbe anatengeneza mashini ya kurusha radi ndogo, aiweke mbele ya atelier ivute wateja. Iko na bobine mbili, waya za kuzungusha: primaire, nene, chini; secondaire, ndefu, katikati yake. Tangu jana anatafuta tu urefu wa bomba: likizidi, courant, umeme ya kuilisha, haitatosha, likipungua, radi inatoka kama kiberiti.

Muteja akasimama, akainamisha kichwa. "Mama Primaire, heshima yako!"

Mama mukwe akaangalia bomba, akaniangalia mimi. "Mukwe wangu, lakini huyu iko mwembamba kweli."

Na sijamaliza. Teke langu lilimushitua fundi, akaachilia waya, na tukiwa tunaongea wote ukateleza, ukawa kiota cha ndege. Tangu saa ile niko hapa kwa benchi, ninazungusha upya, uzi kwa uzi, na bado niko na hasira: mutu anayejenga radi amuambie bibi yake kwanza!

Mwenye kucheka, atelier iko wazi. Akuje ashike bomba.